Uzito wa mtungi huujua aubebaye

Ukitaka kujua jinsi mtu alivyopanda cheo katika nchi hii yetu, usiulize mshahara wake. Tazama ni kazi zipi amekwisha kuacha kuzifanya. Karani aliyeajiriwa jana huacha kufagia chumba chake cha kazi. Akipandishwa daraja, huacha kubeba mkoba wake mwenyewe. Akishaitwa mheshimiwa, hata mlango wa gari haumhusu tena. Husubiri kijana atoke mbio kuufungua, na ole wake kijana huyo akichelewa. Mwishowe mikono aliyopewa na Mola hubakia na shughuli mbili tu: kutia sahihi na kuwapungia watu.

Nayatafakari haya nikiwa Namoruputh, huko Loima, magharibi ya mji wa Lodwar, mahali ambapo jambo hili huonekana waziwazi kuliko Nairobi. Sababu ni maji. Mjini, mtu asiyefanya lolote nyumbani kwake anaweza kuishi miaka mingi bila ya kugunduliwa, maana bomba humsitiri. Hapa hakuna sitara ya namna hiyo. Kila kikombe cha chai anachokunywa mtu, maji yake yametoka mahali panapojulikana, na aliyekwenda kuyaleta anajulikana kwa jina. Kiangazi kinapokaza, maji hutafutwa chini ya mchanga wa mto uliokauka. Mtu huchimba mpaka unyevu utokee, kisha huketi akingoja maji yajikusanye, akayachota kidogo kidogo kwa kikombe. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na kilo hizo hupanda kichwani mwa mwanamke ambaye huenda tayari ana mtoto mgongoni.

Wakati mmoja wa likizo nilimkuta kijana wa shule ya bweni ameketi kivulini huku bibi yake akihangaika kuifunga mitungi juu ya punda. Nikamwuliza mbona hamsaidii. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mimi niko kidato cha tatu." Hakukusudia ufedhuli. Alikuwa akinieleza hali kama aionavyo yeye, kwa sauti ile ile ambayo mtu angetumia kusema kwamba ana mguu uliovunjika. Bibi naye akacheka, akasema, "Mwache, mwalimu. Huyu ndiye atakayetununulia lori la maji." Nathubutu kusema kwamba jibu la bibi lilinisikitisha kuliko la mjukuu. Mjukuu alikuwa amepotoka. Bibi alikuwa amekubali.

Kijana yule hakuzaliwa na fikira hiyo. Mtoto wa Kiturkana wa miaka minane anaweza kuwachunga mbuzi peke yake kutwa nzima na kuwarudisha wote. Fikira hiyo aliipata shuleni, na sisi walimu tunajua ni wapi hasa. Mwanafunzi akichelewa, hupewa panga akafyeke nyasi. Akizungumza darasani, huchimbua kisiki. Akipatikana na kosa kubwa zaidi, huoshwa vyoo kwa mikono yake juma zima. Fimbo ilipopigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, walimu wengi walishika jembe badala yake, na jamii ikashukuru kwamba watoto hawaumizwi tena. Lakini tafakari, msomaji, somo linalofundishwa hapo. Kwa miaka kumi na zaidi mtoto huona kwamba kazi ya mikono hufanywa na mkosaji, na kwamba yule mtoto mwema, mwenye alama nzuri, hukaa darasani na kalamu yake huku akimtazama mwenziwe dirishani akitokwa na jasho. Je, mtoto huyo akishakuwa mkurugenzi katika ofisi ya kaunti, tutashangaa akiliona fagio kama pingu?

Kinaya ni kwamba kwa muda mrefu serikali yenyewe imekuwa ikihubiri kinyume cha hayo. Wakati wa Uhuru tulipewa kaulimbiu ya "Uhuru na Kazi". Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulileta kilimo, useremala na sayansi kimu mpaka katika shule za msingi, na wazazi wakachangishwa fedha za kujenga karakana. Masomo hayo yalipunguzwa baadaye kwa sababu ya uzito wa mtaala. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umeyarudisha kwa sura nyingine, na nimewaona kwa macho yangu wazazi wa mjini wakimfulia mtoto soksi, kisha wakampiga picha akiwa ameinama juu ya karai ili mwalimu aridhike. Sera zetu hazina kasoro kubwa. Kasoro iko katika lile tunalolitenda wakati mgeni hayupo.

Wazee wakiisikia hoja hii hunijibu kwamba kazi ziligawanywa tangu jadi, na kwamba mimi, kwa kusoma sana, nataka kuwapikisha wanaume. Jibu lao linastahili kupimwa kwa haki. Ni kweli kwamba katika awi, yaani boma la Mturkana, mwanamke ndiye ajengaye nyumba. Huzikata fito, huzipinda, huziezeka, na nyumba hiyo, akai, huitwa yake. Ndiye pia atekaye maji ya nyumbani, akatafuta kuni na kuwakama mifugo. Mwanamume naye hakuwa ameketi. Alikuwa na malisho ya kuyapeleleza mwendo wa siku kadhaa, visima virefu vya kuchimba ili ngamia na ng'ombe wapate kunywa, fisi wa kukesha naye, na maadui waliokuja usiku. Wengi walikufa katika kazi hiyo. Nani atasema kwamba mgawanyo huo ulikuwa wa dhuluma tupu? Kila mmoja aliuona mzigo wa mwenzake, hata kama hakuubeba.

Lakini mila ile ilikuwa mizani yenye vitanga viwili, na kitanga kimoja kimekatika. Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilipita bila ya mvua ya kutosha, na mifugo ikafa kwa maelfu katika kaskazini nzima ya Kenya. Hapo kabla kulikuwa na njaa za 1960 na 1980, ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwa majina yake. Kila mara familia inapopoteza mifugo yake, kazi ya mwanamume hufa pamoja na ng'ombe wake, ilhali kazi ya mwanamke haifi. Huongezeka. Maji yako mbali zaidi. Kuni ziko mbali zaidi. Na juu ya hayo sasa ndiye anayechoma makaa ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa ili uzuie jangwa nao ukajitwalia kingo za mito. Ndiye anayesuka vikapu vya majani ya mkoma. Ndiye anayetembea mpaka mjini kutafuta nguo za kufua. Mzee amebaki kivulini na ekicholong chake, kile kigoda ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia, akingojea ng'ombe ambao hawatarudi jioni hii wala kesho.

Simdhihaki mzee huyo. Mtu aliyenyang'anywa kazi na ukame ni majeruhi, na majeruhi hachekwi. Wala sisahau wanaume wetu wanaokesha kwenye malango ya matajiri wa Nairobi wakiwa na rungu na blanketi, au vijana wanaoendesha bodaboda kutoka alfajiri. Ninachosema ni kwamba mila haiwezi kutajwa kama hati ya kukaa bure wakati nusu yake imekwisha kufa. Aliyepokonywa jukumu moja anaweza kulishika jingine, na jingine liko pale mbele yake, kichwani mwa mkewe.

Tena mila yenyewe haisemi yale tunayoisemesha. Katika masimulizi ya asili ya Waturkana, anayetajwa mwanzoni ni bibi kizee, Nayeche, aliyekuwa peke yake nyikani, pamoja na yule fahali wa kijivu Engiro. Kisa hicho husimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini kila namna niliyoisikia humwonyesha bibi huyo akiokota matunda ya porini kwa mikono yake mwenyewe, bila ya mtu wa kumtuma. Taifa zima linajivunia kutokana na nyayo zake. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba alijidhalilisha.

Na kama ni wanaume kupika, basi Turkana ina historia ambayo wenye majivuno hawapendi kuikumbuka. Mwezi wa Aprili 1953, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kaskazini mwa kaunti hii, pamoja na akina Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Wenzake walifanya kazi za jela juani. Yeye, kwa sababu ya umri wake, alipewa jikoni. Rais wa kwanza wa Kenya alikuwa mpishi wa wafungwa wenzake. Sitaki kuipaka hadithi hii sukari, kwa kuwa wafungwa hao hao waligombana vikali na sufuria haikuwapatanisha. Lakini hadhi ya mtu huyo haikumwagika pamoja na maji ya kuoshea vyombo. Alitoka Turkana akaiongoza nchi, na hakuna aliyesimama jukwaani kumwuliza mbona alikoroga uji.

Miaka thelathini na tisa baadaye, mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilifunguliwa. Miongoni mwa waliofika walikuwa wavulana wa Sudan, maelfu yao, waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia wakikimbia vita mara ya pili. Wengi wao walikuwa Wadinka, na kwa desturi za Wadinka mwanamume aliyekwisha kutiwa jandoni hasogelei jiko wala hakami ng'ombe. Kakuma hapakuwa na mama wala dada. Wavulana hao wakajigawa katika makundi, wakagawana zamu: wewe leo kuni, mimi maji, huyu unga. Waliunguza chakula, wakala kilichoungua, wakajifunza. Baadhi yao, zaidi ya 3,000, walichukuliwa kwenda Marekani kuanzia mwaka 2000 na 2001, na huko wakajikimu katika vyumba walivyopanga pamoja. Nimewahi kuzungumza na mmoja wa waliobaki. Aliniambia kwamba kupika hakukumwondolea uanaume; kulimwondolea hofu, kwani tangu siku ile alijua kwamba popote atakapotupwa hatakufa akiwa na unga mkononi.

Hapa ndipo msomaji makini ataniuliza swali gumu zaidi, nami silikwepi. Je, kila mtu akijifulia na kujitekea maji, wale kina mama wa Namoruputh na Kakuma wanaoishi kwa kufua na kuteka watakula nini? Kwa zaidi ya miaka thelathini wanawake wa Kiturkana wamekuwa wakiingia katika kambi ya Kakuma kuwabebea wakimbizi maji na kuni na kuwafulia nguo, na aghalabu wamelipwa kwa chakula cha mgao, kopo la unga au la mahindi. Msaada ulipokatwa mwaka 2025, hata mgao wa mkimbizi ukashuka chini ya theluthi ya kile anachostahili, kopo hilo nalo lilitoweka, na hakuna shirika lililomwandika mama huyo wa Kiturkana katika daftari la waliopoteza ajira. Basi nitawaambiaje watu wa Lodwar wenye mishahara wasimwajiri?

Siwaambii hivyo. Kumwajiri mtu si dhambi. Mgonjwa, mzazi aliyejifungua, mzee, na hata mwenye shughuli nyingi za halali, wote wana haki ya kusaidiwa kwa malipo. Shabaha yangu ni yule asiyefanya kwa kuwa anaona kazi hiyo ni ya watu duni. Huyo ndiye hatari kwa mwajiriwa wake, maana hawezi kumlipa haki hata akitaka. Atapimaje ujira wa mtungi ambao shingo yake haijawahi kuubeba? Atajuaje kwamba blanketi lililolowa si sawa na shati, na kwamba mikono iliyokaa saa nne ndani ya sabuni hupasuka? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana mtu ambaye kila asubuhi anatandika kitanda chake mwenyewe na kuosha kikombe chake huwa, kwa kawaida, hamkemei yaya kwa kuchelewa dakika tano. Ana kumbukumbu mwilini. Asiye nayo hufikiri kwamba nyumba husafishika yenyewe, na kwamba anayelipwa kwa kusafisha anapewa sadaka.

Dharau hii tuliachiwa na ukoloni, ingawa tumeitunza vizuri kuliko vitu vingine tulivyorithi. Mkoloni alimwita baba wa watoto sita "boi", akamjengea kijumba uani, akampigia kengele. Alipoondoka tuliirithi nyumba kubwa, kijumba na kengele, na neno "boi" tukaendelea nalo bila haya mpaka juzi. Agizo la serikali kuhusu mshahara wa chini humtaja mfanyakazi wa nyumbani kama linavyowataja wengine. Ni nyumba ngapi za Lodwar zinazolifuata? Mwenye nyumba atakwambia kwamba msichana "anakula na kulala hapa hapa", kana kwamba yeye mwenyewe ofisini kwake hukatwa mshahara kwa sababu ya chai.

Wapo waliokwisha kuliona jambo hili mbele yetu. Mwaka 1901 Gandhi, wakati huo wakili kijana, alihudhuria mkutano wa chama cha Congress mjini Calcutta akakuta vyoo vya wajumbe havikanyagiki. Alipouliza, aliambiwa kwamba kusafisha ni kazi ya wafagiaji, si ya wajumbe. Akaomba fagio, akasafisha mwenyewe. Mwalimu Nyerere naye alisisitiza katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba shule iwe na shamba ambalo wanafunzi na walimu wanalilima pamoja. Na alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Watanzania wataniambia kwamba si kila shule ilifuata, na kwamba kuna walimu waliogeuza shamba la shule kuwa shamba lao. Ni kweli, na hiyo ndiyo njia ya hakika ya kuua somo lenyewe: mwalimu akisimama kivulini akielekeza kwa kidole, mtoto hajifunzi kilimo, hujifunza kidole.

Narudi shuleni kwa sababu huko ndiko ninakoweza kuomba jambo linalowezekana. Ningependa walimu wakuu wa Loima, Lodwar na Kakuma walijaribu kwa muhula mmoja tu. Kufagia, kuteka maji, kufyeka na kuosha vyoo viondolewe kabisa katika orodha ya adhabu, viingizwe katika ratiba kama hesabu na Kiswahili, vifanywe kwa zamu na wote: wa kwanza darasani na wa mwisho, wavulana na wasichana, na mwalimu mkuu awe na zamu yake iliyobandikwa ukutani mahali ambapo kila mtu anaisoma. Mkosaji atafutiwe adhabu nyingine. Pengine adhabu yake iwe kukatazwa kushiriki zamu hiyo juma moja, akae darasani peke yake huku wenzake wakiimba kisimani. Sijui kama itafaa, lakini haitakuwa mbaya kuliko ilivyo sasa. Na mwalimu anayetekewa maji na wanafunzi hadi nyumbani kwake aache, au awalipe kwa bei ile ile anayotozwa na mwenye punda.

Najua shida zitakazotajwa. Shule nyingine hazina hata maji ya kunywa, sembuse ya kuoshea vyoo. Wasichana tayari wana zamu ndefu nyumbani kabla ya kengele ya asubuhi, kwa hiyo si haki wao kuongezewa ilhali wavulana wanaanza upya. Zamu ya shuleni izingatie hayo, na kwa muhula wa kwanza wavulana wabebe zaidi. Walimu watakaojaribu wananifaa kuliko watakaonipongeza. Waniandikie kupitia gazeti hili, waeleze ni nani aliyekuwa wa kwanza kugoma: wanafunzi, wazazi, au walimu wenyewe.